Sisimizi wa Meza ya Leonia

Vijana wenzangu wa kazi ya mbu, mmeniomba niandike tulivyofanya kazi hii kabla yenu. Nimekubali kwa moyo mweupe, ila pembeni yake kuna kijicho, na kijicho chenyewe nakitaja mapema maana hakijifichi. Mwezi uliopita nilipita hapo kituoni kwenu kusalimia. Binti mmoja, sura ngeni kwangu, aliniamkia vizuri na kunivutia kiti. Mbele yake alikuwa na mbu mmoja mfu. Alimkata mguu, akautia kwenye kichupa kidogo kama punje ya mahindi, akakipeleka kwenye mashine. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa imeshasema kwamba mbu yule anayo ile asili inayomfanya asife kwa dawa, na kwamba aliirithi kwa baba na kwa mama, pande zote mbili.

"Mguu mmoja tu?" nikamwuliza.

"Unatosha, mzee. Mitano iliyobaki ni akiba."

Nilitabasamu, lakini ndani nilikuwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa embe. Jibu kama lile, zamani zetu, lilitaka mbu mia wazima, siku mbili, na mikono isiyotetemeka. Kama mashine ile ingekuwapo wakati wangu, kuna jambo moja nisingeweza kulifanya. Jambo hilo nitalisema, ila nitafika kwa kuzunguka, kwa sababu ndivyo nilivyoishi.

Mimi ni mtoto wa mji wa kale wa Bagamoyo, ukoo wa wauza nguo na mabaharia, lakini bahari haikunitaka na mimi sikuitaka. Shule niliiacha darasa la tano. Nimevuna chumvi, nimechoma mkaa Miono, nimekuwa utingo wa malori ya Chalinze na Segera mpaka nikajua kila kibanda cha mishikaki pale Lugoba. Kila mahali nilikaa mpaka nilipojua kazi inavyofanyika, kisha nikachoka nikahama. Kituoni niliingia kwa kuuliza tu. Niliwaona watu wazima wawili wameinama kwenye dimbwi la kwato za ng'ombe, wanachota maji kwa kata nyeupe na kuyatazama kama waganga. Nikauliza mnatafuta nini. Mmoja akaniambia nikae niangalie. Nilikaa miaka ishirini na ushee, nikitoroka mara mbili na kurudi mara mbili.

Aliyeniambia nikae ni Mzee Mwinyikondo, na ndiye aliyenifundisha. Yeye naye nilimwonea gere, kwa sababu ya macho yake. Alikuwa anasimama hatua nne kutoka kwenye dimbwi na kusema, "Hapa wamo," na kweli wamo. Mimi nachota mara kumi napata maji na tope.

"Kivuli chako kinafika kabla yako, Shabani," aliniambia. "Wenyewe wakikiona wanazama chini. Simama jua likupige usoni, kivuli kibaki nyuma. Subiri mpaka usahau kwamba unasubiri. Halafu inamisha kata pembeni mwa nyasi, maji yaingie yenyewe. Usiyafukuze."

Shikeni hilo, hata na mashine zenu. Na hili pia: kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala bapa juu ya maji kama kijiti kilichoelea. Yule mwingine, wa vyooni, huning'inia kichwa chini, mkia juu, akipumua kwa bomba lake. Ukishajua kulala kwao huhitaji darubini kuwatenganisha.

Kumhamisha mbu mkubwa tulitumia bomba la kufyonza kwa mdomo, lenye kitambaa cha neti katikati ili mbu asipite. Wiki yangu ya kwanza neti ilikuwa imetoboka na sikukagua. Nilivuta, nikahisi kitu kinapapatika kooni, nikameza. Mzee Mwinyikondo hakucheka hata kidogo. "Umeshakula nyama," alisema. "Mchana utuachie wali."

Baada ya miaka tisa nilikuwa bingwa. Macho ya mzee nilikuwa nimeyapata, na yeye alikuwa amestaafu. Mtu akiniuliza nani anawajua mbu wa upande huu wa pwani, nilikohoa kidogo kwanza ili ajue anayeulizwa ni nani. Ndipo akaja Leonia.

Leonia alikuwa binti wa mwalimu wa shule ya misheni, wazazi wake wametoka bara. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mwembamba, sauti ya chini, na aliandika tarakimu safi kama zimepigwa chapa. Aliniita kaka Shabani tangu siku ya kwanza, kwa heshima, na heshima yake ilinikera kwa sababu sikuweza kuilalamikia. Nilimfundisha kata, kivuli, na kulala kwa viluwiluwi. Alijifunza kwa mwezi mmoja nilichojifunza kwa miaka miwili. Nilitafuta sababu nikasema ana bahati ya vidole virefu.

Sasa nisikilizeni kuhusu mabeseni yangu, maana hapo ndipo donge lilipoanzia.

Mimi niliamini mbu anaizoea dawa kama mlevi anavyozoea gongo: leo anapepesuka kwa glasi moja, mwakani anakunywa chupa na kutembea wima. Nikataka kuonyesha. Nyuma ya choo cha kituo niliweka mabeseni matatu, nikaleta viluwiluwi kutoka kitongoji kimoja karibu na Makurunge, kule kwenye mashamba, nikawatilia tone la dawa ya kunyunyizia. Wengi walikufa. Wachache waliobaki niliwalea kwa unga wa biskuti, wakawa mbu, wakanyonya damu ya mkono wangu, wakataga kwenye bakuli la maji ndani ya chandarua nilichoshona mwenyewe, nikawatilia watoto wao tone tena. Kila mzunguko waliokufa walipungua. Mzunguko wa tano niliwatilia matone matatu na wengi waliogelea kama hakuna kitu. Nilikuwa nimefurahi mpaka nikamwita Daktari, mkuu wetu, mtu mpole wa miwani minene, aje nyuma ya choo na wafanyakazi wote.

"Daktari, hawa nimewafundisha," nikasema. "Wameizoea."

Daktari alichuchumaa, akatazama, akafurahi kweli. Ndipo Leonia akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kaka Shabani, hukuwafundisha. Uliwachinja wengine."

"Wale wa kwanza waliobaki," akaendelea, "hawakuwa wamezoea chochote. Tone lilikuwa ndilo la kwanza maishani mwao. Walizaliwa hivyo, wachache, katikati ya wengi. Wewe ukaondoa wengi, ukawaachia beseni lote na biskuti zote. Wakazaa watoto waliofanana nao. Hakuna mbu hata mmoja aliyebadilika hapo. Kilichobadilika ni nani amebaki."

Daktari alisimama, akavua miwani, akaifuta. "Mwalimu," akasema, na hakuwa ananisemesha mimi.

Tangu siku ile akawa anamwita hivyo, Mwalimu. Mabeseni yangu, mkono wangu, miezi yangu mitano ya kunusa choo, na jina likachukuliwa na mtu aliyesimama pale dakika tatu. Na kilichoniuma zaidi si sifa. Ni kwamba alisema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa nzuri, na mimi niliyeishi nayo kila asubuhi sikuiona. Usiku ule nilisema peke yangu, kama ningesoma. Kesho yake nikasema, hata ningesoma nisingeiona. Sijui ipi iliuma zaidi.

Kitongoji kile cha Makurunge nilikuwa nakijua kwa sababu ya Bi Tatu, mama wa Kikwere aliyelima mpunga bondeni na kulea mjukuu wake wa kike, Asha, aliyekuwa na miaka minne hivi. Tulichota kwenye majaruba yake kwa ruhusa yake. Siku moja mimi na Leonia tulikuwa huko, Bi Tatu akatuletea mihogo ya kuchemsha, akaketi kututazama.

"Mnawatafuta wa nini hao? Waacheni. Dawa yenu ile ya kupulizia kutani, mbu wa hapa wanaoga."

"Wanaoga?" Leonia akauliza.

"Wanaoga, wanajifuta, wanakuja kuniuma. Mwaka wa kwanza mlipopuliza, nilifagia mbu kama makapi. Safari iliyopita sikufagia hata mmoja. Nikamwambia bwana wa pampu, akasema nimefagia vibaya."

Mimi nilicheka. Leonia hakucheka. Aliandika kwenye daftari lake neno kwa neno, hata la makapi. Njiani kurudi aliniambia, "Kaka, majaruba haya yanapakana na mashamba yanayonyunyiziwa dawa ya wadudu kila msimu. Ni yale mabeseni yako, ila makubwa."

Niligundua mambo mawili kwa pamoja. Alikuwa sahihi, na alikuwa ametumia mabeseni yangu kufika pale kabla yangu.

Leonia akaomba afanye kipimo. Wakubwa wa wilaya walikuwa wanakaribia kuamua dawa ya kupulizia nyumba msimu ule, ile ya zamani au nyingine mpya, na Daktari alimwambia, "Nipe namba kabla ya mwisho wa mwezi nizipeleke. Bila namba watapuliza ile ile." Masika yalikuwa yanakatika. Majaruba yalibakia na maji ya kifundo cha mguu. Ilikuwa mara moja tu, na kila mtu kituoni alijua ni mara moja tu.

Kwa nyinyi mnaokata miguu, niwaeleze kipimo cha zamani. Unalea viluwiluwi mpaka wawe mbu. Unachukua majike wa siku tatu mpaka tano, wasiokunywa damu, ishirini na watano kwa kila bomba la plastiki lenye wavu mwishoni. Mabomba manne yana karatasi yenye dawa. Mawili yana karatasi tupu. Saa moja kamili. Kisha unawapuliza taratibu kwenye mabomba safi, unawawekea pamba yenye maji ya sukari juu ya wavu, unawaacha. Siku ya pili saa ile ile unahesabu waliokufa. Wale wa karatasi tupu ndio mashahidi. Hawajaguswa na dawa, kwa hiyo wanatakiwa wawe hai. Wakifa zaidi ya mmoja katika watano, maana yake kuna kitu kingine kilichoua, na kipimo chote kinatupwa. Hata kama mabomba ya dawa yamesema ukweli, hakuna anayeruhusiwa kuyasikiliza.

Adui wa kipimo hicho ni sisimizi, kwa ajili ya ile sukari. Ndiyo sababu kila mguu wa meza tuliusimamisha ndani ya kopo la oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Sisimizi havuki oili. Kazi ya kujaza makopo ilikuwa yangu, kila Ijumaa, kabla sijaenda kuoga kwa ajili ya sala.

Ijumaa ile Leonia alikuwa ameshawaweka mbu wake juu ya meza, mabomba sita kwenye mstari. Nilipiga magoti na dumu langu. Nikajaza kopo la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa limepasuka ubavuni, oili imevuja yote, na jani kavu la mwarobaini limeegemea mguu wa meza kama daraja. Lilitaka kopo jipya tu. Makopo yalikuwa stoo, hatua ishirini.

Ndipo nikasikia kutoka chumba cha pili, "Kaka Shabani, ukimaliza hapo naomba unioshee yale mabeseni."

Aliomba. Neno lake lilikuwa naomba. Hata leo nikilisikiliza kichwani halina kosa. Lakini mimi nilisikia mabeseni, nikasikia Mwalimu, nikasikia kicheko cha watu nyuma ya choo ambacho hakikuwahi kuchekwa. Niliweka dumu chini. Nikatazama lile jani kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi. Sikuligusa. Nikaenda kuosha mabeseni, nikayaosha vizuri kuliko siku zote, kisha nikaenda msikitini.

Sikumwaga kitu wala kuua kitu. Mtu mwenye husuda na akili hapendi kuacha alama ya kidole. Kazi anawaachia sisimizi.

Jumamosi nilifika wa kwanza. Mstari wao ulikuwa umepanda ule mguu wa nne, mwembamba, mweusi, una nidhamu kuliko sisi. Mabomba ya karatasi tupu yalikuwa upande ule. Walikuwa wameingia kwenye matundu ya wavu wakifuata sukari, na ndani kulikuwa na mbawa na miguu imetapakaa. Mabomba ya dawa yalikuwa upande wa pili na walikuwa bado hawajayafikia. Nikainama nikayatazama. Kisha nikafanya kitu ambacho mwizi hafanyi: nikahesabu walio hai. Bomba kwa bomba. Kumi na mmoja. Tisa. Kumi na watatu. Kumi. Mbu waliokaa saa nzima na dawa na kupita siku nzima wamesimama kwa miguu yao, kama alivyosema Bi Tatu, wameoga na kujifuta.

Leonia alipofika aliona sisimizi, akakaa kwenye kiti bila kutua mkoba. Daktari alikuja, akahesabu mashahidi waliokufa, akatikisa kichwa.

"Daktari, angalia na haya mengine," Leonia alisema.

"Sitaki kuyaangalia. Nikiyaangalia nitatamani kuyaandika. Sheria inasema tunatupa."

"Mara hii tu."

"Mwalimu, mara hii tu ndiyo inayoharibu kazi." Kisha akauliza, kwa upole wake, "Nani aliangalia makopo?"

Mimi nikasema, "Nilijaza jana." Hilo lilikuwa kweli robo tatu.

Leonia akanitazama. Akasema, "Ni meza yangu. Nilipaswa kukagua."

Tukarudi Makurunge siku ile ile kutafuta viluwiluwi wengine. Majaruba yalikuwa yamebaki matope yenye nyufa. Ripoti ikaenda wilayani na maneno mawili, hakuna matokeo, na nyumba zikapulizwa dawa ile ile.

Kituoni watu walimpa jina. Akipita, dereva wa kituo anasema, "Mama Sisimizi huyo, ficheni sukari." Jina likashika mpaka likafika kwa wapika chai. Nafasi ya kwenda mafunzo mwaka ule akapewa mwingine, maana Daktari aliogopa maneno. Na mimi nilicheka na wengine, tena nilicheka mapema kidogo kuliko wengine.

Vuli ilipoanza nilimkuta Bi Tatu kwenye benchi la zahanati, Asha mgongoni, amefungwa kwa khanga mbili. Mtoto alikuwa ameshikwa na degedege alfajiri. Alipona. Bi Tatu aliniambia ilikuwa mara ya pili msimu ule, kisha akaniuliza, "Yule binti anayeandika hajambo? Mwambie bado wanaoga." Siwezi kuwaambia kwamba mbu aliyemuuma Asha angekufa kwa dawa nyingine. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa mtoto mmoja, na yeyote atakayesema anawadanganya. Ninachoweza kusema ni kwamba sikumpelekea Leonia salamu zile.

Mwaka uliofuata Leonia alirudia kipimo. Safari ile alinunua makopo mapya kwa mkono wake na kuyajaza mwenyewe. Matokeo yakatoka wazi, wakubwa wakakubali, dawa ikabadilishwa, na Bi Tatu akafagia tena. Mnadhani nilifurahi? Nilifurahi kama jirani anavyofurahi kwenye harusi ya binti aliyemposa yeye akakataliwa. Mwezi ule ndio niliotoroka mara ya pili. Niliwaambia watu nimechoka na mbu.

Miaka ilipita. Nilirudi, nikastaafu, naye alihamia Dar. Mwaka jana nikasikia Leonia ana saratani ya titi, na kwamba ilikuwa imepungua kwa dawa kisha ikarudi. Nilipanda basi nikaenda hospitalini. Nilimkuta amekaa kitandani amefunga kilemba cha kitenge, amekonda, anamenya chungwa.

"Kaka Shabani. Shikamoo. Umekuja kuniona au kuniuliza maswali?"

"Marahaba. Yote mawili," nikasema, maana ananijua.

Akacheka. "Uliza."

Nikamwuliza kwa nini dawa iliyofanya kazi mwanzoni imeacha kufanya kazi. Mwili umeizoea?

"Bado una yale mabeseni kichwani." Akaweka ganda la chungwa juu ya shuka, akaligawa vipande vidogo vingi. "Uvimbe si kitu kimoja, kaka. Ni mtaa mzima. Seli zinagawanyika, kila zikigawanyika zinakosea kosea kidogo katika kunakili, kwa hiyo hazifanani. Dripu ya kwanza iliua nyingi." Akavifagia vipande kwa mkono, akaacha viwili. "Hivi viwili havikujifunza kitu. Vilikuwamo tangu zamani, vimebanwa na wenzao. Sasa vimeachiwa beseni zima. Nilimwambia daktari wangu, titi langu lina Makurunge ndani yake. Hakuelewa, ikabidi nimweleze."

"Na sasa?"

"Wamebadilisha dawa, kama tulivyofanya sisi. Wanatazama nani amebaki, wanatafuta kitakachomfaa huyo. Inaweza kufika mahali, inaweza isifike."

Na mimi, vijana, nikiwa nimekaa mbele ya mgonjwa, nilimwonea wivu. Kitu kilichokuwa kinataka kumuua alikuwa anakielewa, na alikieleza kwa vipande vya ganda nikakiona. Mimi nina presha tu, na sijui hata inatoka wapi. Nilijiona jinsi nilivyo, nikajichoka mwenyewe. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, kopo lililopasuka, jani, stoo hatua ishirini, robo tatu ya kweli. Alisikiliza huku ameshika chungwa bila kulila. Nilipomaliza akageukia meza ya kando ya kitanda, akaliweka chungwa.

"Waliniita Mama Sisimizi miaka sita," akasema. "Mama yangu alilisikia sokoni."

"Najua."

"Ulilitumia na wewe."

"Nililitumia."

"Sitakwambia nimekusamehe. Nikikusamehe nitakutumia ujumbe." Kisha akageuka, na uso wake ukawa ule wa siku ya majaruba. "Mabomba ya dawa. Uliyaona kabla hayajatupwa?"

"Niliyaona."

"Walikuwapo walio hai?"

"Kumi na mmoja," nikasema. "Tisa. Kumi na watatu. Kumi."

Alifumba macho, midomo ikawa inajumlisha. "Arobaini na watatu," akasema. "Kwa hiyo walikuwa wameshaanza mwaka ule." Hasira ilikuwapo bado, niliiona shingoni, lakini ilikuwa imesogea pembeni ikapisha namba. Mtu huyu nilikuwa nimemwonea wivu nusu ya umri wangu kwa vitu visivyokuwa vyenyewe. Kitu chenyewe kilikuwa hiki.

Aliniambia niende kituoni, niombe fomu tupu ya kipimo, ile ya zamani, niijaze kama ilivyokuwa na kuitia kwenye faili la mwaka ule. "Usiandike kwamba kipimo ni halali. Si halali, mashahidi walikufa. Andika kilichoonekana, halafu kwenye nafasi ya dosari andika dosari."

Nilikwenda. Mtunza mafaili, kijana mpole, alitafuta fomu ile nusu saa, akapuliza vumbi. "Mzee, dawa yenyewe haipulizwi tena siku hizi," alisema. "Unaiandikia nani?" Nikamwambia naiandikia faili. Akanipa kalamu.

Leonia anaishi sasa Lugoba kwa dada yake, anakwenda kliniki Dar kwa tarehe zake. Ujumbe wake bado sijaupata, na simuulizi. Fomu ipo, mnaweza kuitazama. Mahali pa kitongoji, mahali pa dawa, mabomba manne na walio hai. Juu kabisa, mpimaji: Leonia. Chini kabisa, dosari: sisimizi, kopo la mguu wa nne halikubadilishwa, Shabani aliliona akaliacha. Niliijaza kwa mkono wangu, taratibu, kwa mwandiko wa darasa la tano. Na nilipofika pale juu kuandika jina lake, wallahi vijana, kwa umri huu wote, kalamu ilisimama kidogo.